Kijiko Kizuri cha Mbwa

Enzi zetu kule Nakuru, kisu cha mbwa ulikijua kwa sura. Mpini ulikuwa umevunjika ukafungwa kamba ya katani, na kutu imekula karibu nusu ya makali. Mama alikitundika nje kwenye msumari, karibu na mfereji, pamoja na sufuria iliyobonyea ya Simba, mbwa wetu. Jioni tukitoka kucheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, vumbi mpaka kwenye kope, mmoja wetu alitumwa kumkatia Simba utumbo na mapafu ya bucha, na mama akapaza sauti kutoka jikoni: "Kisu hicho kisivuke mlango wangu! Na mikono mkaoshe na sabuni, si kulowesha vidole!" Tulinung'unika sana. Lakini sikumbuki hata mmoja wetu aliyeharisha kwa sababu ya chakula cha Simba.

Sasa naishi ughaibuni, mji wa Blaine, na mbwa wetu Max hula kuku mbichi na maini ya kusagwa. Cheka tu. Vijana wa leo wamesoma kwenye simu kwamba ugali unamharibia mbwa ngozi. Kijiko chake cha kupakulia kinang'aa kuliko chochote tulicho nacho. Binti yangu Wanjiru hukiosha kwa maji moto na sabuni, hukipaka dawa ya kuua vijidudu, kisha hukitundika gereji, juu ya friza. Ana sababu. Chuma kisichoshika kutu kama hicho hakishiki harufu, kwa hiyo ukikisuuza tu utadhani kimetakata, kumbe uchafu wa kuku umejificha kwenye mikwaruzo na pale mpini unapoungana na kijiko.

Kiangazi hiki mama alikuja kututembelea. Jumapili moja alitupikia githeri, mahindi na maharagwe, tukaalika marafiki wa kanisani kutoka mji wa Eagan, na nyumba ikanukia kama kwetu. Alipoenda gereji kutoa sukuma wiki kwenye friza, akakiona kile kijiko. Kizuri hivyo, akadhani tumekisahau huko, akaja nacho jikoni. Max alikuwa ametoka kulishwa, na kijiko kilikuwa kimesuuzwa tu, kikingoja kuoshwa. Mama alikuwa anapakua nacho sahani ya pili Wanjiru alipoingia na kumwona bibi yake.

"Shosho, no! Hiyo ni ya dog!"

"Mimi?" mama akasema. "Mimi nilishe wanangu na kijiko cha mbwa?"

Githeri yote ilimwagwa. Wanjiru hakukosea, na mama pia hakukosea; kwake kitu cha mbwa hakiwezi kuwa ndicho kizuri kuliko vyote nyumbani. Tulimbembeleza, akacheka kidogo kwa ajili ya wageni. Tangu siku hiyo hajapika. Yule aliyekuwa akitufukuza jikoni mwake sasa anakaa sebuleni, mikono mapajani, akingoja kuletewa chakula kama mgeni. Inaniuma kuliko ninavyoweza kusema.

Jana nilimpakulia wali. Alikishika kijiko, akakigeuza mbele na nyuma, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hiki ni cha watu?"