Kikopo Kilichotoka Nansio

Siku nne kabla ya harusi yake, kipini cha dhahabu cha dada yangu Zena kiligeuka rangi ya bati kikiwa puani mwake. Nilikiona mimi kwanza, kwa sababu nilikuwa nimempelekea uji wa asubuhi. Jioni iliyotangulia kilikuwa cha njano kama kawaida. Asubuhi ile kilikuwa cheupe chenye ukungu, kama kifuniko cha sufuria kuukuu, na ngozi iliyokizunguka ilikuwa imevimba na kung'aa kama ganda la ndani la kitunguu. Chumba kilinuka manjano, samli iliyochacha, jasho la mtu asiyeoga, na juu ya hayo yote harufu kali niliyoisikia mpaka kwenye meno, kama mtu aliyelamba msumari. Niliweka bakuli sakafuni, nikatoka, nikatapika nyuma ya choo.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikaa mjini Mwanza, karibu na soko, katika nyumba ya bati ambayo chumba chake cha mbele kilikuwa kiwanda cha baba cha ushonaji. Watu wa baba walikuwa Waislamu wa mjini, mchanganyiko wa Wamanyema na watu wa pwani waliokuja na biashara wakabaki. Mama alikuwa Msukuma wa Nyegezi, wakati huo Nyegezi ikiwa mashamba ya mihogo na pamba. Zilikuwa wiki za mwisho kabla ya Uhuru. Mji mzima ulikuwa unapakwa chokaa: mawe ya kando ya barabara, mashina ya miti, kuta za ofisi, hata ngazi za gatini. Watoto tulizunguka na miguu myeupe. Watu wazima walizungumza juu ya bendera na gwaride, lakini nyumbani kwetu habari kubwa ilikuwa moja tu: Zena anaolewa na Idrisa, karani wa kiwanda cha kuchambua pamba, mtu wa Nansio, kule Ukerewe. Idrisa alikuwa amemwona Zena kwa macho yake. Alikuja kwa baba kushona suruali, akaja tena kuipunguza kiuno, akaja tena kuiongeza, mpaka baba akamwambia, "Kijana, kiuno chako hakina tatizo. Lete wazee."

Kwa desturi ya nyumba ya baba, mwari huwekwa ndani wiki mbili. Dirisha la chumba cha Zena lilizibwa kwa gunia, na mwanga pekee ulikuwa wa koroboi. Hakutakiwa kuona jua, wala kuonwa na mwanamume. Wajibu wa kumtengeneza ulikuwa wa somo yake, Bi. Tatu, mwanamke mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kufika hadi barabarani, ambaye alikuwa ameandaa nusu ya maharusi wa mtaa wetu. Alikuja na kikapu chake cha ukili, na kwa kuwa mimi ndiye niliyetumwa maji, moto na chai, nilikifahamu kikapu kile kuliko nilivyofahamu mkoba wangu wa shule.

Kulikuwa na jiwe bapa la kusagia liwa, ule mti wenye harufu, lililopakwa maji ya mawaridi mara nyingi hata likawa na utelezi wa kijani ambao haukuoshwa kamwe, kwa kuwa utelezi huo, alisema, ndio wenye baraka. Kulikuwa na hina ya unga, iliyokandwa kwa chai ya rangi na ndimu. Kulikuwa na wanja. Wanja ule aliutengeneza mwenyewe: aliwasha utambi wa samli chini ya kigae, akakwangua masizi, akayachanganya na samli nyingine, akayatia katika kichupa. Kijiti cha kupakia alikilowesha kwa ulimi. Alikilamba, akakichovya, akampaka Zena. Akakilamba tena, akampaka Mama Salehe, jirani yetu ambaye macho yake yalitoa tongotongo mwaka mzima. Akakilamba tena, akamrudia Zena. Poda ilikaa katika kopo la chai pamoja na donge la pamba lililokuwa jeupe zamani sana. Lilikuwa limepita katika nyuso za maharusi wote hao, na lilikuwa na rangi ya panya.

Lakini kilichonichefua zaidi kilikuwa singo. Singo ni unga wa manjano, liwa, karafuu na mawaridi makavu, unaokandwa na kupakwa mwili mzima. Huachwa ukauke, kisha husuguliwa kwa viganja mpaka utoke pamoja na nongo, na hutoka kama vijinyoo vyeusi. Somo wengine huvitupa vijinyoo hivyo. Bi. Tatu alivikusanya katika sahani. Wageni walipokuja kumtazama mwari, aliipitisha sahani kutoka mkono hadi mkono, nzi wakiifuata, na kusema, "Oneni! Huyu ndiye Zena wa zamani. Mpya yuko pale kitandani." Wanawake walicheka, wakavisogeza vile vijinyoo kwa kidole, wakapima uzito wa uchafu wa dada yangu. Kisha walimshika mkono, wakaugeuza, wakamtazama nyuma ya masikio na chini ya kidevu, kama watu wanaonunua mbuzi mnadani. Zena alitazama ukuta.

Mama aliingia mara chache. Nyumba ilikuwa ya ukoo wa mumewe, na mambo ya mwari yalikuwa ya Bibi, mama yake baba. Siku moja alisimama mlangoni, akasema, "Sisi kwetu tulijipaka mafuta ya ng'ombe tu, na tuliolewa."

"Ndiyo," alijibu Bi. Tatu bila kugeuka, "na mpaka leo ukipita, ndama wanakufuata."

Wanawake wakaangua kicheko. Mama naye alicheka kidogo, akaondoka.

Wiki ya pili lilifika sanduku kutoka Nansio. Ni zawadi za upande wa bwana harusi: kanga, viatu, manukato, sabuni, rangi ya mdomo. Bibi alilifungua kitandani mbele ya wanawake, akainua kitu kimoja kimoja, kila kimoja na kigelegele chake. Chini kabisa, katikati ya kanga zilizokunjwa, kulikuwa na kikopo cha bati chenye picha ya uso wa mwanamke mweupe na maandishi ya Kiingereza. Ndani yake mlikuwa na mafuta mazito, meupe kama chokaa ya barabarani. Bi. Tatu alijua mara moja ni nini. Alikuwa amesikia kwamba wanawake wa miji mikubwa wanayapaka na kuwa weupe.

"Haya ni maagizo," alisema akiyanusa. "Bwana harusi anataka kupokea mke anayeng'aa."

"Au mama yake," akasema Bibi.

"Yeyote. Wametuma, tupake."

Hapo Zena alisema maneno ambayo sikumsikia akiyasema tena mpaka uzeeni. "Idrisa ameniona juani, Bibi. Ameniona mara nyingi. Kama nilikuwa mweusi mno, mbona alileta wazee?"

"Mwari haulizi," Bi. Tatu akamkata. "Tulia, usinikunjie hiyo shingo."

Kwa mtu mwenye kusoma Kiingereza, maelezo ya kikopo yangechukua dakika moja. Barazani kwa baba walipita makarani kila siku. Lakini vitu vya chumba cha mwari havitolewi nje kuonyeshwa wanaume, kwa hiyo hakuna aliyeyasoma. Bi. Tatu alitumia njia pekee aliyoijua. Aliyachanganya mafuta yale na manjano na liwa, akayapaka kama singo, akayaacha yakauke, akapaka tena juu yake. Siku za kuoga alizifuta ili dawa isipotee. Usoni na shingoni ndiko alikoweka zaidi. Nyuma ya gunia lile, kwa mwanga wa koroboi ile, kila kitu chenye mafuta kilimetameta, na kila mtu aliyeingia aliapa kwamba Zena anakuwa kama Mwarabu. Zena alisema panawasha. "Kuwasha ndiko kufanya kazi," akaambiwa. Usiku nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake nikamsikia anajikuna, polepole, kama panya anayetafuna mbao.

Kisha ndipo kipini kikageuka. Sasa najua kwamba mafuta mengi ya namna ile yalitiwa zebaki, na kwamba zebaki huishika dhahabu na kuipausha. Wakati ule hakuna aliyeutazama uso. Wote walitazama kipini. Bibi alikichomoa, akatia kijiti cha ufagio tundu lisizibe, akanishika mkono tukaenda moja kwa moja kwa sonara.

"Umetuuzia bati!" akasema kabla hata ya salamu.

Sonara alikigeuzageuza. "Bibi, hiki si changu. Changu mmekiuza, mmeniletea hiki."

"Sisi ni wezi?"

"Sijasema wezi. Nimesema kipini."

Waligombana mpaka watu wakajaa mlangoni. Tulirudi bila kipini, Bibi akiwa amekitupa mezani kwa sonara. Bi. Tatu, kumfariji mwari kwa hasara ile, alimpaka tabaka nene kuliko zote. Mama aliposikia, aliingia chumbani na beseni la maji ya moto na sabuni ya kufulia. Bibi alisimama mlangoni akamzuia. "Ukimwosha leo, wakimkataa kesho, utajibu wewe?" Mama alisimama na beseni lake, mvuke ukimpanda usoni. Kisha akamwaga maji uani.

Ndoa ilifungwa jioni. Kwa mwanga wa taa, chini ya ukaya, ile shela ya bibi harusi, Zena alipendeza, na Bi. Tatu alitunzwa kanga. Asubuhi yake tulimsindikiza gatini kupanda boti ya Nansio. Upande wa Idrisa walikuwa wametangulia pale: mama yake, na dada yake aliyekuja kubeba sanduku. Jua la Mwanza lilikuwa limeshapanda juu ya miamba, na maji yalilirudisha tena kutoka chini. Mama mkwe akainua ukaya.

Uso ulikuwa na mabaka. Mashavu yalikuwa mekundu yenye majimaji, ngozi imebanduka pembeni ikajikunja kama karatasi iliyokaribia moto. Kuzunguka macho, mahali wanja na mafuta vilipokutana, palikuwa na weusi wa buluu. Shingoni palikuwa na mstari, kama wa mtu aliyeingia majini akaishia hapo, na chini ya mstari ule alikuwa dada yangu, mweusi, laini, kama alivyokuwa siku zote. Poda ya waridi ambayo Bi. Tatu alikuwa amejaribu kufunikia ilishaganda na usaha.

"Mbona mmetupikia nusu?" akasema mama mkwe. "Uso umeiva, shingo mbichi."

"Tumetumia chenu," Bi. Tatu akajibu, kwa mara ya kwanza kwa sauti ndogo.

"Chetu kipi?"

"Kikopo."

"Kikopo gani?"

Dada yake Idrisa alikuwa ameinama akifunga upya kamba ya sanduku, kamba ambayo haikuwa imelegea. Idrisa alimtazama mkewe. "Zena," akasema, "nani amekufanyia hivi?" Sauti yake ilivunjika, na watu waliokuwepo walimhurumia. Mimi nilikuwa karibu naye, na niliona kwamba kati ya wote waliosimama pale, yeye peke yake hakuuliza kikopo gani.

Walipanda boti. Hawakumrudisha, na hilo lilihesabiwa kuwa ushindi. Mabaka ya kuzunguka macho hayakutoka. Kwa miaka mingi Zena alinunua vikopo vya aina ileile ili kuyaondoa, na kila kimoja kiliyakoleza. Alizaa, akalea, akaishi na Idrisa mpaka alipomzika. Ilipofika zamu yangu ya kuwekwa ndani, nilioga kwa sabuni na maji ya ziwa, sikupaka hata wanja, na wanawake wa mtaa walikaa uani kwetu wakiwa wamenuna kama waliofika matangani. Mpaka leo kichupa chochote cha urembo kikifunguliwa karibu nami, mate ya kutaka kutapika hunijaa mdomoni.

Mwaka huu nilipita sokoni Mwanza. Msichana mmoja alikuwa amekaa juani akikoroga mafuta katika ndoo kwa mti wa mwiko: mirija ya dawa za ngozi, unga mweupe, kimiminika cha chupa isiyo na jina. Wanayaita mkorogo, na yamepigwa marufuku, na yako pale. Vidole vyake vilikuwa vyeupe hadi kwenye vifundo, na vifundo vyenyewe vyeusi kama makaa. "Shikamoo mama," akaniambia, "karibu, hata madoa ya uzee tunatoa." Nikamwitikia marahaba. Nilimuuliza nani anayenunua zaidi. "Maharusi," akasema. "Na wanaowaoa. Wanaume wananunua wanasema ni zawadi." Singo ya Bi. Tatu ilinuka, lakini angalau karafuu zake nilizichambua mwenyewe nikazisaga. Katika ndoo ile hakukuwa na kitu hata kimoja ambacho msichana yule angeweza kuniambia kimetoka wapi. Ziwa ni lilelile, jua ni lilelile, na bado watu wanapakwa gizani ili watazamwe mchana.

Zena amevuka themanini, na tangu afiwe amerudi kuishi Mwanza. Nilimweleza habari za yule msichana, na ndipo, kwa mara ya kwanza tangu chumba kile, akarudia swali lake. "Ameniona juani," alisema. "Mbona alileta wazee?" Katika ndoa yao yote hakuwahi kumuuliza Idrisa kama ni yeye aliyekiweka kikopo. Mama mkwe alikana mpaka alipokufa. Aliyebaki ni wifi yake, yule wa kamba ya sanduku, mzee kama sisi, anayeishi palepale Nansio na ambaye akili zake, wanasema, bado ni nzuri. Nilimwambia Zena twende tukamuulize. Kivuko kinaondoka kila siku. Alivaa viatu. Tulifika gatini, nikakata tiketi mbili, tukakaa kwenye benchi. Kivuko kilipopiga honi alisema tungoje cha kesho. Hiyo ilikuwa Machi. Wifi yake bado yu hai, na bado hatujavuka.