Nilivyomzika Bibi wa Kifaransa

Nilikuwa nimetoka eda miezi michache tu pale Wafaransa niliokuwa nikiwalelea mtoto waliponiambia kwamba wanarudi kwao, na wanataka twende wote. Mama mkwe wangu, niliyekuwa nikiishi naye Temeke, hakunizuia. Aliniuliza jambo moja tu: "Huko kuna Waislamu?" Nikamwambia sijui. "Basi sali ulivyofundishwa," akasema, "na usile kila unachopewa."

Tulifikia kijijini, milimani, kwenye nyumba ya mawe ya mama yake bwana. Bibi yule alivaa nguo nyeusi toka kichwani hadi miguuni. Nikadhani yumo edani. Nikamuuliza madamu, aliyejua Kiswahili, mume wa bibi amefariki lini. Akanijibu kwamba alikufa hata yeye madamu hajaolewa na bwana. Nguo zile bibi hakuzivua tena.

Mambo ya mle ndani nilijifunza kwa kukosea. Asubuhi ya kwanza nilimwamkia bibi kwa kupiga goti. Akanidaka akidhani naanguka. Wao hupeana mikono, wakubwa kwa wadogo, hata na mtu waliyelala naye nyumba moja. Nilipowauliza majirani habari za nyumbani, za watoto, za mzee anayekohoa, walinitazama kama mtu aliyefunua chungu chao bila hodi. Na ukipita mlangoni watu wanakula, hakuna anayekwambia karibu. Wanaacha kutafuna, wanasubiri upite. Hilo liliniuma kuliko baridi.

Kubwa lilikuwa la sungura. Bibi aliwafuga uani katika vibanda vya mbao, na mtoto aliwalisha majani, akawapa na majina. Siku moja bibi alimtoa mmoja, akampiga kisogoni, akamning'iniza mlangoni, akamchuna huku mtoto anatazama na wanazungumza. Mchana mtoto alikula, akaomba aongezwe. Mimi sikugusa. Nyama ya kesho yake nayo sikuigusa. Bibi akaweka uma chini.

"Mwambie jiko langu ni safi," akamwambia madamu.

Nikaeleza, kwa Kifaransa changu cha kuokoteza, kwamba si uchafu, ni uchinjaji. Mnyama huelekezwa kibla, hutajwa jina la Mungu, ndipo hukatwa shingo. Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Jumapili akaja na kuku kwapani na kisu mkononi, akanipa vyote viwili.

Kwetu wanaume wakiwapo mwanamke hachinji. Sikuwahi kuchinja hata njiwa. Niligeukia upande niliokisia kuwa ndio kibla, nikafanya, damu ikanirukia hadi kwenye kope. Bibi akanifuta kwa aproni yake. Tangu hapo kuku wa Jumapili alikuwa wangu, na bibi akawa ananiketisha karibu naye jikoni, tunamenya viazi bila maneno mengi.

Baridi ilipozidi, kifua kikamshika bibi. Hakuugua sana, alikata roho asubuhi moja, tumemzunguka. Wakasimamisha saa ya ukutani, wakafunga madirisha ya mbao. Mimi nikafanya nilichokijua: nikaangua kilio, mikono kichwani.

Madamu akanishika bega. "Nyamaza. Unamtisha mtoto. Na watu watasikia."

Sikuelewa. Mtu amekufa, watu wasisikie? Nikaenda kulilia kwenye vibanda vya sungura.

Nilitazamia tuzike siku ileile. Kumbe walimvika nguo zake nzuri, wakamlaza kitandani, na huko akakaa, leo na kesho, majirani wakipanda kumnyunyizia maji kwa kijitawi, kisha wanashuka jikoni kunywa kahawa na kuzungumza habari za ng'ombe. Sikuona hata mmoja aliyelia. Bwana alipasua kuni uani mpaka viganja vikachubuka, na kuni tulikuwa nazo tele. Hata alipoitwa kula aliendelea.

Siku ya mazishi madamu aliniletea koti jeusi. "Vaa, twende."

"Wapi?"

"Makaburini."

"Na wanawake?"

"Wote."

Mume wangu aliangukiwa na mzigo bandarini. Walipomleta tulionyeshwa uso tu, kisha wanaume wakamchukua, sisi wanawake tukabaki ndani juu ya mikeka. Sauti zao zikafifia njiani, zikapotea, na hayo ndiyo mazishi yake niliyoyajua. Huku sasa nilisimama ukingoni mwa shimo. Ardhi ilikuwa imeganda, wachimbaji walikuwa wameipasua kwa sururu. Kila mtu alitupa udongo kidogo. Wangu ulikuwa bonge gumu. Uligonga sanduku kwa kishindo. Nikatupa jingine, na jingine, na jingine, mpaka watu nyuma yangu wakaanza kukohoa. Bwana akanishika mkono kwa kiganja chake kilichochubuka, akaniondoa taratibu.

Niliporudi Temeke watu walijaa barazani, wanataka habari za theluji na meli. Niliposema kwamba kule maiti hulala ndani na watu wanakunywa kahawa, shoga yangu mmoja alisema, "Astaghfirullah! Hawana utu watu hao." Wote wakaitikia. Nilitaka kuwaeleza habari za bwana na kuni zake, lakini wao wakaniuliza tena habari za meli.

Walipotawanyika alibaki mama mkwe, anachambua mchele kwenye ungo.

"Umesema ulikwenda mpaka kaburini?"

"Nilikwenda, mama."

"Ukaona wanavyofukia?"

"Niliona. Nilitupa udongo kwa mkono wangu."

Akaacha kuchambua. "Unaliaje?"

"Nini, mama?"

"Udongo, ukianguka. Mwanangu sie hatukumsikia akifukiwa."

Niliketi karibu na ungo wake. Kisha nikamwambia, "Unagonga kwanza. Baadaye unafunikana wenyewe kwa wenyewe, hausikiki tena."

Akauinamia ungo. Machozi yakawa yanadondokea mcheleni, naye hakuyafuta. Nikaenda kuwasha moto.