Meza ya Jabez Wadhams

Inatangazwa, kwa mujibu wa azimio la Chama cha Wazao wa Wanamgambo wa Hadlock, jimbo la Massachusetts, kwamba tarehe 19 Aprili 1775, vita vya kumpinga Mfalme wa Uingereza vilipolipuka, mashujaa wa mji huu walishika bunduki wakaandamana, wala hawakusimama hadi walipoukuta moshi wa baruti. Azimio hilo husomwa kila Aprili, kofia zikiwa mkononi. Kisha wazao wa mashujaa huandamana kwa ngoma na filimbi. Wasio wazao huuza donati.

Dorcas Wadhams aliuza donati mlangoni kwake tangu nywele zake zikiwa nyeusi. Sasa magoti yalianza kumgomea, naye alitaka kuandamana walau mara moja kabla hayajakataa kabisa. Kilichomkwamisha ni babu. Alikuwa naye, Jabez Wadhams, mwenye kilabu cha pombe katika nyumba hiyohiyo. Ila miaka yote aliyopekua orodha za askari, Jabez alijitokeza mara moja tu, akitozwa faini kwa kukosa gwaride.

"Wifi, huyo babu yako alipigana na usingizi," alisema Lois, mke wa kaka yake, mwenye mababu watatu kwenye orodha. "Nyunyiza sukari, watu wanakuja."

Mwezi Machi mguu wa meza ya jikoni, iliyobaki tangu enzi za kilabu, ulivunjika. Dorcas alipoipindua aitengeneze, akakuta upande wa chini umejaa majina yaliyochongwa kwa visu. Bibi yake ndiye aliyeugeuza ubao zamani, maana unga ulikuwa ukinasa kwenye herufi. Kikosi kizima cha Hadlock kilikuwepo. Chini ya majina paliandikwa: "Kwa Jabez, 19 Aprili 1775. Jua linatua. Bado tupo."

Akamwita Elbridge Stiles, daktari wa meno mstaafu, mwenyekiti wa Chama.

"Kanuni yenu inasema aliyewalisha askari kwa hiari ni shujaa sawa na aliyefyatua bunduki," Dorcas alimwambia. "Haya. Babu yangu aliwalisha kutwa nzima."

Elbridge akavaa miwani, akayafuata majina kwa kidole hadi kwenye Stiles. Hapo kidole kikagoma.

"Labda walipumzika kidogo."

"Hadi jua linatua, Elbridge?"

"Bunduki za zamani zilikuwa nzito."

"Babu yako amechonga hata ua."

Elbridge alilitazama lile ua. Halikuwa baya.

"Umemwonyesha nani?"

"Bado. Lois anakuja kesho kunisaidia kukanda unga."

"Meza hii, Dorcas, huwa unaifunika?"

"Nikiwa naandamana, naifunika."

Kamati ilikutana jioni ileile, ikampitisha Jabez Wadhams bila mjadala, kwa sifa ya kulilisha jeshi likiwa njiani.

Aprili, Dorcas alitembea mstari wa mbele, magoti yakilia kushinda ngoma. Lois alikuwa nyuma yake tu.

"Umewalisha nini hawa wazee?"

"Tembea, wifi."

Msafara uliishia mlangoni kwa Dorcas, kama kila mwaka, kwa kuwa hapo ndipo penye donati. Kutoka hapo hadi uwanja wa vita umebaki mwendo wa nusu siku, na hakuna anayekumbuka mwaka ambao mtu aliendelea.