Kadi za Dhahabu za Jirani

Steshenari yangu iko Kisarawe, na ya jirani yangu inatazamana nayo, ng'ambo ya barabara. Nilianza kumwonea wivu siku alipotoa kadi za harusi zenye maua ya dhahabu. Tangu hapo kamati za harusi zikawa zinapita kwangu kunisalimia tu, kisha hao, wanavuka kwenda kwake. Roho iliniuma.

Kumwuliza programu anayotengenezea kadi zile ameipata wapi sikutaka, angejua nimeshindwa. Nikaitafuta mtandaoni mwenyewe, nikaipakua kwenye tovuti nisiyoijua. Maelekezo yakasema nizime antivairasi kwanza. Nikazima. Kesho yake hakuna faili lililofunguka, hata kadi za bibi harusi wa Chole, mteja pekee aliyebaki kwangu.

Nikavuka barabara na flashi yenye nakala ya zamani ya kadi hizo. Jirani akaipima virusi kwanza, kisha akaifungua kwenye kompyuta yake.

"Programu yenyewe ni ya bure, dada," akasema baadaye. "Niliipakua kwenye tovuti ya walioitengeneza. Si ungeniuliza tu."

Kadi alizonitengenezea zilitoka nzuri kuliko zote nilizowahi kutengeneza. Bibi harusi alipokuja kuzichukua, akamkumbatia yeye.