Makaa ya Kuangulia

Mke wangu aliposhuka kwenye lori na kusema atabaki nami mpaka mayai yaanguliwe, nilipaswa kumpandisha tena. Badala yake nilimpokea begi lake, nikalirudisha ndani.

Lori lilikuwa la jirani yetu wa Munuki, mtaa wetu hapa Juba, muuza mbao. Bunduki zilikuwa zimelia mjini, zikanyamaza asubuhi ile, na kila mwenye akili alikitumia kimya hicho kuondoka. Binti yetu mkubwa na wadogo zake walikuwa wamekwisha kaa juu ya magodoro. Mpango ulikuwa kwamba watangulie Uganda pamoja na mama yao, mimi nibaki na mayai mpaka vifaranga vikauke, kisha niwafuate. Mayai yaliyofikia siku za mwisho hayatikiswi, na barabara ya kwenda Nimule, mpakani, ina mashimo ya kumtikisa hata mtu akapoteza meno.

Jirani aliposikia ninabaki kwa ajili ya mayai, alitoa kichwa dirishani. "Mzee, hata Uganda kuku wanataga."

Watu walicheka. Mke wangu hakucheka. Alikuwa anaitazama mikono yangu, ambayo tayari siku zile ilikuwa imeanza kutetemeka, hasa nikiwa na wasiwasi. Akashuka.

"Baba ya watoto, kwa mikono hiyo utaviua vyote," akasema. "Mimi iko hapa mpaka vitoke."

"Mama, lori si kanisa, hatungoji ushuhuda," jirani akasema. "Unapanda ama hupandi?"

Hakupanda. Binti yetu aliinama kutoka juu akazungumza nami, si na mama yake. "Baba, mwambie apande. Unajua kifua chake."

Nilijua. Mke wangu alikuwa na pumu tangu nilipomwoa, na kikopo chake cha kuvuta dawa kilikaa mfukoni mwake kama funguo za nyumba. Lakini pia nilijua binti anasema kweli kuhusu kifua na mke wangu anasema kweli kuhusu mikono. Nikachagua ukweli ulionifaa. Nilimjibu binti kwamba mama yake ni mtu mzima na siku zenyewe ni chache. Lori likaondoka.

Msomaji atauliza ni mayai gani hayo. Yalikuwa mayai ya kuku wa kawaida wa kisasa, wale wa rangi ya kahawia. Nikitaka kueleza vizuri, lazima niseme jambo kuhusu sisi tuliokulia uhamishoni. Mimi nilisoma sekondari Uganda nikiwa mkimbizi. Nilipanga foleni ya maharage nikiwa na kopo mkononi mpaka ndevu zikaniota. Tuliporudi Juba amani ilipokuja, kila mmoja wetu aliapa kimoyomoyo kwamba hatashika tena lile kopo. Vita vilipotufuata huku, hatukuogopa risasi peke yake. Tuliogopa kuonekana tena kwenye foleni ileile, mbele ya watu walewale, tukiwa mikono mitupu. Wapo waliobeba mabati ya nyumba zao. Yupo mtu wa mtaa wa Lemon Gaba niliyemwona amefunga mlango wa chuma mgongoni, bila nyumba. Mimi nilitaka kuvuka mpaka na vifaranga ndani ya kapu, ili mtu akiuliza nimeleta nini, niwe na jibu.

Kuku wenyewe walikuwa wameshachukuliwa. Watu wenye silaha waliingia uani, wakawafunga miguu wale matetea niliokuwa nikiuza mayai yao kwenye hoteli za mtaa wa Thongpiny, wakaenda nao. Mmoja wao alifungua sanduku langu la mbao la kuangulia, akaona mayai, akauliza kama yamechemshwa. Mke wangu akamjibu kwamba ndani yake mna vifaranga vyenye macho na damu. Yule kijana akafunga kifuniko haraka, akajipangusa mkono kwenye suruali. Hivyo yakabaki mayai tu.

Sanduku nilikuwa nimelitengeneza mwenyewe. Lilikuwa na balbu mbili zilizopata umeme kutoka jenereta ndogo, bakuli la maji la kuleta unyevu, na kipimajoto nilichopewa na daktari wa mifugo. Petroli ilipoadimika nilihamia kwenye taa ya mafuta. Mafuta ya taa nayo yalikwisha siku lori lilipoondoka. Kesho yake mvua ikanyesha, baridi ikaingia, na bunduki zikaanza tena, safari hii karibu zaidi. Tulikuwa tumeziba madirisha kwa magunia ya mchanga kuzuia risasi. Moshi uani ungewaonyesha watu kwamba nyumba ina wenyewe. Basi nikaliingiza jiko la makaa chumbani, nikaliweka ubavuni mwa sanduku, na kufunga mlango.

Hapo ndipo mayai yalipoanza kutobolewa.

Anayeangulia mayai nyumbani kwa mara ya kwanza hudhani kazi imekwisha akiona tundu la kwanza. Kazi huanza hapo. Kifaranga kikishatoboa ganda kinapumzika saa nyingi, hata siku nzima, kikivuta ndani damu iliyo kwenye utando na kiini kilichobaki. Ukikivunjia ganda kabla hakijamaliza, kinatokwa damu na kufa. Ukichelewa mno, utando unakauka na kukibana kama ngozi ya ngoma. Kanuni ni kutofungua sanduku, maana kila ukifungua unyevu unatoka. Niliijua kanuni hiyo. Niliwahi hata kuwafundisha wengine.

Lakini nilifungua. Kila mlio mkubwa ulipopiga nilifungua kuona kama bado vinapumua, kana kwamba risasi ingevipata vyenyewe kwanza. Kwa hofu yangu nikaukausha utando, na vifaranga vikakwama. Ungesikia vikilia ndani ya maganda, sauti nyembamba, halafu kimya, halafu tena. Sikuweza kuvumilia. Nilichukua yai moja, nikabandua ganda kwa ukucha, mkono unatetemeka. Damu ikatoka, nyingi kuliko unavyotegemea kwa kiumbe kidogo vile. Kilikufa mkononi mwangu kikiwa bado nusu ndani.

Mke wangu hakunilaumu. Alininyang'anya kitambaa, akaniambia nikae mbali na sanduku na kazi yangu iwe makaa. Akapasha maji yawe vuguvugu, akalowesha pamba, akaanza kulainisha utando kuzunguka tundu la kila yai, akiacha mdomo wa kifaranga wazi kisije kikazama. Akimaliza moja analirudisha, anafunika, anangoja. Mahali alipoona mshipa mwekundu aliacha. Palipokuwa peupe pamekauka alibandua kipande kidogo kama punje ya mchele. Kifaranga cha kwanza kilipojisukuma nje kikalala kimelowa, kibaya kama kitambaa cha jikoni, mke wangu alikitazama akasema kinafanana na mjomba wangu akitoka kwenye pombe. Nilicheka kwa sauti, nje wanapigana.

Vilivyofuata vilikuwa dhaifu. Kimoja miguu yake iliteleza huku na huku kama ya chura, mke wangu akaifunga kwa uzi wa sufi ikae pamoja. Vingine aliviloweshea midomo kwa maji ya sukari. Kile kilichokuwa baridi kuliko vyote alikiweka kifuani, ndani ya nguo. Hapo ndipo nilipousikia ule mluzi. Mwanzoni nilidhani ni kifaranga. Ulikuwa unatoka kwake, kila alipovuta pumzi.

Alitoa kikopo chake, akakitikisa, akavuta. Akatikisa tena karibu na sikio. Akakirudisha mfukoni. Mtu anayeishi na mwenye pumu hujua maana ya kikopo kutikiswa karibu na sikio. Mimi niliongeza makaa.

Makaa yale yalikuwa mabichi, yaliyochomwa haraka na watu wanaokimbia, na yalitoa moshi. Macho yalituwasha. Mle ndani mlikuwa na joto la tanuri, ndilo nililolitaka, kipimajoto kilikuwa palepale kinapotakiwa. Nakumbuka niliona fahari. Baada ya muda mke wangu aliketi sakafuni, ameegemea ukuta, mikono juu ya magoti, mabega yanapanda na kushuka. Alisema kwa sauti ya chini, akipumzika kati ya maneno.

"Baba ya watoto. Tutoe jiko nje kidogo."

Nikatazama sanduku. Mayai matatu yalikuwa yametobolewa, bado hayajafunguka. Nikamwambia asubiri haya matatu yamalize, kisha nitalitoa.

Hakubishana. Aliniomba nimsogezee maji, akaendelea na pamba kwa mkono mmoja.

Nimelifikiria jibu lile kwa miaka. Sikuwa nimechanganyikiwa. Risasi hazikuwa zimenifanya kipofu. Niliusikia mluzi wake na nikausikia mlio wa vifaranga, nikapima, nikaona mke wangu ana nguvu zaidi, atavumilia. Ndivyo nilivyomtumia miaka yote, hata kabla ya vita. Yeye ndiye aliyekuwa akivumilia.

La kwanza kati ya yale matatu lilifunguka. La pili kifaranga kilikufa ndani. La tatu ndilo alilokuwa amelishika pamba ilipomwanguka. Midomo yake ilikuwa imebadilika rangi. Nilipomwita aliitika kwa macho tu. Ndipo nikalibeba jiko na kulitupa uani, makaa yakalia kwenye maji ya mvua, nikang'oa magunia ya dirishani kwa mikono hii niliyoambiwa haifai kitu. Hewa ikaingia. Lakini kifua kilikuwa kimeshafunga.

Nikatoka barabarani naita. Hapakuwa na mtu. Kituo cha boda boda kilikuwa kitupu, viti tu vya plastiki vimepinduka. Nilirudi, nikamkuta bibi kizee wa nyumba ya pili ameingia na kukaa naye, anampepea kwa sinia. Yeye ndiye aliyejua kijana mmoja aliyeficha pikipiki yake ndani ya nyumba, chini ya blanketi. Kijana alikataa. Bibi akamwambia maneno kwa Kiarabu cha Juba ambayo siwezi kuyaandika, yanayohusu mama yake na siku atakayomhitaji. Kijana akaitoa pikipiki. Tukamweka mke wangu katikati yetu, mimi nimemshika kwa nyuma, na mgongo wake ulikuwa unapiga kifuani kwangu kama mlango unaogongwa na mtu aliyekata tamaa. Tulisimamishwa mara mbili. Mara ya pili askari alimulika uso wake, akatuambia twende.

Hospitali ilijaa majeruhi mpaka nje. Nesi aliyetufikia alikuwa na damu ya watu wengine mpaka viwikoni. Alisikiliza kifua, akauliza ameanza lini. Nikamwambia tangu mchana. Akauliza alikuwa wapi. Nikasema chumbani, pamoja na makaa. Aliniangalia mara moja tu. Hewa ya mitungi ilikuwa imekwisha siku ileile, dawa ya kuvuta hakuna, alimchoma sindano aliyokuwa nayo. Mke wangu alilala kwenye korido, kichwa chake kwenye mapaja yangu. Kabla hajapoteza fahamu aliniuliza kama lile la tatu limetoka. Nilimwambia limetoka. Sikujua.

Alifariki kabla ya alfajiri.

Tulimzika Munuki, mimi, yule bibi, kijana wa pikipiki na wanaume wawili wa kanisani waliothubutu kutoka. Sala ilikuwa fupi kwa sababu ya hatari. Niliporudi nyumbani, sanduku lilikuwa la baridi. Vifaranga vilikuwa vimejikusanya pembeni, vingi vimekufa vikiwa vimepandana kutafuta joto. Vichache vilipumua. Nilimpa bibi, sikutaka kujua alivifanya nini, naye kwa wema wake hakuniambia.

Simu ziliporudi nilimpigia binti yangu. Alikuwa kambini, amepanga foleni ya kupokea chakula, nilisikia kelele za watu na makopo. Nilimweleza yote, sikumficha jiko wala jibu langu. Halafu akauliza, "Alikuomba ulitoe?"

Nikasema ndiyo.

Nilivuka mpaka mwezi uliofuata bila kapu, nikapanga foleni kama wengine. Hakuna aliyeniuliza nimeleta nini. Watu wana shida zao.

Nimeambiwa na wachungaji kwamba vita ndivyo vilivyomwua. Wana nia njema. Lakini kulikuwa na nafasi kwenye lori, ilikuwa yake, na alikuwa amekwisha kuikalia. Nilikubali ashuke kwa sababu nilihitaji mikono yake, na alipoomba hewa nilimwomba angoje. Hilo lilinigharimu mke wangu, aliyekufa kwa moshi wa jiko nililolichochea mimi. Lilinigharimu pia binti yangu mkubwa: wadogo zake huja kuniona, yeye haji, na watoto wake hawanijui.