Falsafa Yangu na Benchi la Kijani

Mimi ni kinyozi hapa Chumbageni, na kwa umri huu nimeamua kujifunza falsafa. Ngoja kwanza, usinicheke mapema. Mteja wangu mmoja, mwalimu mstaafu, aliniambia anayeanza hahitaji mabuku. "Anza na swali moja tu: umejuaje? Ila jiulize mwenyewe kwanza." Hilo la mwisho nililifagia pamoja na nywele zake.

Wiki nzima niliwasumbua watu. Mke wangu akisema chai inapoa, nauliza, "Umejuaje?" Akahamia kunywa chai kwa jirani.

Ijumaa tukaenda Tongoni kwenye nikaha ya mpwa wangu, nami ndiye shahidi, kanzu mpya nyeupe pe. Nje ya nyumba palikuwa na benchi la mbao.

"Usikae hapo kaka, rangi mbichi," akasema fundi, brashi mkononi.

"Umejuaje?"

"Si nimepaka mimi, sasa hivi!"

"Hata kumbukumbu hudanganya, ndugu yangu."

Nikaketi, nikamsomesha hadi nilipoitwa.

Chini ya turubai wanaume wamejaa kwenye mikeka. Nikapita katikati yao kwa madaha. Vicheko vikanifuata nyuma, nikadhani ni furaha ya harusi. Nilipofika mbele, shehe akaninong'oneza, "Shahidi, kanzu yako ina rangi huko nyuma."

Mdomo ukanitangulia. "Umejuaje, shehe?"

Kabla hajajibu, sauti ikatoka mwisho wa mikeka: "Nimepaka mimi!"