Mwaka wa Mvua Papa Alipotupikia

Juzi jirani yangu hapa mtaani Laiser Hill aliunguza ndengu. Sikuziona, harufu tu ndiyo iliyopanda ngazi ikapenya chini ya mlango wangu. Nilikuwa napiga pasi sare za watoto. Nikajikuta nimesimama tu, pasi mkononi. Wengine chakula kikiungua huchukulia mzaha. Mimi harufu ile hunirudisha nyumbani kwetu, nje kidogo ya Kitengela upande wa kwenda Isinya, mwaka ule wa mvua zisizokatika mwishoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka tisa.

Ninyi mnaoijua Kitengela ya leo, na maghorofa yake na kelele zake, itabidi mniamini nikisema kwamba wakati ule ilikuwa nyasi, upepo, nyumba moja hapa na nyingine kule. Na udongo mweusi. Mvua ikinyesha, udongo ule hukushika mguu kama mtu asiyetaka uondoke. Unauvuta mguu, kiatu kinabaki.

Yeyo, ndivyo tulivyomwita mama yetu kwa Kimaa, alikuwa mjamzito. Alasiri moja uchungu ulimshika kabla ya miezi kutimia. Papa alikimbia kwa jirani mwenye shamba akarudi na trekta. Wakatandika godoro kwenye trela, Yeyo akalala juu yake, na Koko, nyanya yetu, akakaa kando amempakata kichwa, turubai limewafunika wote wawili. Papa alipotaka kupanda, Koko alimzuia kwa mkono.

"Wewe utafanya nini huko? Kaa na watoto, na ng'ombe."

Yeyo aliinua kichwa kidogo akanitafuta kwa macho. "Naserian," aliniambia, "angalia ndugu yako."

Trekta likaenda Kajiado, hospitalini. Jioni ile ile mto ulifurika kule Isinya, ukaikata barabara. Simu za mjini zilikuwa zimekufa siku nyingi kabla ya hapo. Basi tukabaki, mimi, mdogo wangu Lemayian, na Papa, bila namna ya kujua lolote.

Papa alikuwa mfanyabiashara wa ng'ombe. Angeweza kumtazama fahali aliye ng'ambo ya bonde akakwambia uzito wake, na kama ana ugonjwa. Nyama alijua kuichoma, kama kila mwanamume aliyepitia umorani. Lakini jikoni mwa Yeyo hakuwa amewahi kuingia. Aliinamisha kichwa tu mlangoni na kuuliza kama chai iko tayari. Jioni ile aliingia mwili mzima, akasimama katikati, kichwa karibu kigonge mabati.

"Papa, unatafuta nini?" Lemayian aliuliza. Alikuwa na miaka mitano.

"Natafuta chakula."

"Chakula hutoka kwa Yeyo."

Papa alikaribia rafu. Alitandika gunia chini, akatoa kila kitu alichokikuta na kukipanga pale: ndengu kwenye mkebe, unga wa mahindi nusu ndoo, unga wa ngano kidogo uliokunjwa kwenye karatasi, viazi vilivyoanza kuota, kitunguu kimoja, chumvi, mkebe wa mafuta ya kupikia. Halafu akavizunguka polepole, mikono nyuma, kama alivyowazunguka ng'ombe mnadani. Nilidhani atavigusa mbavu.

Akachagua ndengu. Alizibandika vizuri tu, lakini kisha akatoka kwenda kusimama langoni kuitazama barabara, akazisahau. Moshi ulipomrudisha, maji yalikuwa yamekauka na chini kumekuwa makaa. Alichota za juu taratibu, akazimwagia maziwa, akatukabidhi sahani.

"Kikiungua chini, juu kimeiva," alisema.

Tulikula. Zilikuwa na ladha ya moshi, na maziwa hayakusaidia.

Duka lililokuwa karibu nasi lilikuwa la Mama Hodan, ambaye watu wake walitoka Garissa. Malori hayakuwa yakipita kwenye matope, na rafu zake zilibaki na sabuni, viberiti na chumvi. Mumewe aliuza mbuzi. Mafuriko yalikuwa yamemkuta ng'ambo ya Isinya, upande wa Kajiado, na kesho yake alifika kwa miguu, matope hadi kiunoni, baada ya kuzunguka mbali kutafuta pa kuvukia. Haukupita muda Mama Hodan akaja kwenye ua wetu, shuka limemlowa mabegani.

"Baba Naserian, kuja hapa kidogo."

Nilikuwa nachuma terere kando ya ua. Kwa mvua ile mboga zilijiotea kila mahali. Nilisogea karibu nikijifanya natafuta majani mazuri. Nilisikia neno "damu." Nilisikia "Mungu ndiye anajua." Kisha nikamwona Papa akivua kofia yake, na mvua ilikuwa inanyesha. Alisimama hivyo kwa muda, maji yakimtiririka usoni, huku Mama Hodan akitazama chini.

Aliporudi, aliniuliza kwa sauti ambayo sikuijua, "Tuko na viazi bado?"

"Tuko navyo. Papa, amesema nini?"

"Amesema barabara ni mbaya."

Kuanzia hapo Papa alipika kama mtu anayekimbizwa. Alichemsha viazi, akaona mchuzi mwepesi, akatia unga wa mahindi. Ukawa mzito mno, akatia maziwa. Ukawa mwingi, akatia terere. Aliuita supu ya ng'ombe aliyepotea, kwa sababu haikuwa na nyama. Lemayian alikoroga yake hadi mwisho akimtafuta huyo ng'ombe. Jioni nyingine alikanda ule unga wa ngano, akatoa chapati ngumu kama soli ya akala za tairi. Tulizichovya kwenye chai tukasubiri zilainike, tukangoja sana, Papa akasema chapati za namna hiyo ni za kusafiri nazo. Lemayian alicheka mpaka akapaliwa. Mimi sikucheka. Nilikuwa nikimtazama Papa. Alishika sahani yake magotini, akaigeuzageuza, na mwishowe akammiminia Lemayian.

Nataka niwaambie jambo ambalo sikuwahi kumwambia mtu wakati ule. Kila kitu jikoni kilikuwa kimewekwa na Yeyo. Yeye ndiye aliyeufunga ule mkebe wa ndengu, yeye ndiye aliyeikunja ile karatasi ya unga. Kila kilipoisha kimoja, nilihesabu vilivyobaki. Sijui wazo lile lilinijia kutoka wapi, lakini lilinishika: vikiisha vyote, Yeyo naye atakuwa ameisha. Nilianza kula kidogo. Asubuhi, kabla ya kitu kingine, nilikuwa nakwenda kufunua ndoo ya unga nione umeshuka hadi wapi. Usingizi wangu ulikuwa wa kushtukashtuka, na mvua juu ya mabati haikuniacha nisikie kama kuna trekta linakuja.

Halafu kulikuwa na ule mkebe wa mafuta. Yalikuwa mafuta magumu, meupe, na Yeyo alikuwa na mazoea ya kuyachota kwa vidole. Juu ya mafuta yaliyobaki kulikuwa na mfuo wa vidole vyake viwili, laini, uliopinda kidogo mwishoni. Nilikuwa nimeuona siku ya kwanza. Sikumwonyesha Lemayian.

Jioni moja unga wa mahindi ulikuwa umebaki wa kukung'uta tu, na terere tele. Papa alikata kile kitunguu, akaweka sufuria motoni, akavuta mkebe wa mafuta, akashika kijiko.

"Usiguse hiyo!"

Hata mimi nilishtuka kwa ukelele wangu. Lemayian alianza kulia papo hapo, bila kujua analilia nini. Kwetu mtoto hamkemei baba yake, na nilingoja kofi.

"Kwa nini?" Papa aliuliza.

"Ni ya Yeyo. Iko na vidole vyake."

Aliuinamisha mkebe kwenye mwanga wa moto. Nami nikachungulia, na ndipo nikaona kitu ambacho sikuwa nimekiona: mafuta yalikuwa yamechotwa pembeni, kwa uangalifu, kuzunguka ule mfuo wote. Siku zote hizo alikuwa akichota kando kando. Sasa ulikuwa umebaki huo tu, katikati, kama kisiwa.

Papa aliufunika mkebe akaurudisha rafuni, juu kabisa. Kisha akakohoa.

"Basi tutatafuta mafuta mengine. Lemayian, nyamaza. Leta kibuyu."

Tulikuwa na kibuyu cha maziwa mala, yaliyoganda, ya ng'ombe wetu mmoja aliyekuwa akikamwa. Papa aliketi kwenye kigoda cha Yeyo, kwa mara ya kwanza, magoti yakimfikia karibu na kidevu, akakilaza kibuyu mapajani na kuanza kukitikisa. Hiyo ni kazi ya akina mama. Kama rafiki zake wa mnadani wangemwona, wangemwimbia mwaka mzima. Alitikisa hadi jasho likamtoka. Akanipa mimi. Nilipochoka tukampa Lemayian, ambaye alikikumbatia kibuyu akajitikisa yeye mwenyewe zaidi ya maziwa. Mvua ilikuwa imepungua, na kwa mara ya kwanza tangu Yeyo aondoke sikuwa nikisikiliza barabara. Nilisikiliza maziwa. Mlio ulibadilika, ukawa mzito, kama kitu kinagonga ndani. Papa alifungua, akatoa donge la siagi dogo kama yai la kwale, akaliyeyusha sufuriani pamoja na kitunguu. Nyumba ikanukia nyumba.

Alituandalia terere na kipande cha ugali kisichojaza kiganja. Alinitazama nikichukua tonge la kwanza.

"Naserian," alisema. "Yeyo wako..."

Niliacha kutafuna. Lemayian aliendelea kula. Papa alinitazama, akaitazama sahani yangu, akanitazama tena.

"Kula kwanza," alisema. Nilikula, naye hakusema zaidi.

Jua lilitoka, maji yakashuka, na trekta likarudi. Yeyo alikuwa ameketi kwenye trela, amekonda, uso wake una rangi ya majivu, lakini alikuwa ameketi. Koko alikuwa amebeba kitu kilichofungwa kwenye blanketi. Nilikimbilia blanketi lile, nikalifunua. Zilikuwa nguo chafu za hospitalini.

"Mtoto yuko wapi?" Lemayian aliuliza.

"Amerudi kwa Enkai," Koko alisema. "Mungu alimtaka."

Yeyo aliingia jikoni amejishikilia ukutani. Akaiona sufuria nyeusi, rafu karibu tupu, akaniuliza tulikuwa tukila nini. Tulishindana kumweleza, supu ya ng'ombe aliyepotea, chapati za kusafiri nazo, naye akacheka, akacheka hadi kicheko kikageuka kitu kingine. Papa aliichukua ile sufuria, akatoka nayo nje, akaisugua kwa mchanga na majivu mpaka jua likatua, ingawa kila mtu aliona kwamba haitakuwa nyeupe tena.

Nilipokaribia kujifungua mtoto wangu wa kwanza, Yeyo ndiye aliyenieleza. Ujumbe wa Koko alioleta mume wa Mama Hodan, siku ile ya pili, ulikuwa kwamba mtoto, mvulana, amefariki, na kwamba mama anapoteza damu na madaktari hawaahidi kitu. Papa alijua. Alijua alipouliza viazi. Alijua alipotuchekesha kwa chapati. Kwa miaka yote hiyo nilidhani hakuwa akila kwa sababu alijua upishi wake ulivyo, na tulipokutana ndugu nyumbani tulimtania hivyo, naye akakubali kutaniwa.

Nilikwenda kumwona. Alikuwa ameshazeeka, anaota jua nje ya nyumba. Nilimuuliza kwa nini hakutuambia.

Aliinua macho, kama ananitafutia jibu mahali alipoliweka zamani.

"Habari kama ile huwezi kumpa mtoto mwenye njaa," alisema. "Nilikuwa nangoja mshibe. Kila jioni nilisema, leo wakishiba nitawaambia." Akapangusa macho kwa kiganja. "Lakini chakula changu, unakijua mwenyewe."